Wamae na Sanduku la Filamu

Ukimtafuta Wamae siku ya harusi, usimtafute kwenye viti. Tafuta mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu aliyepiga magoti mbele ya mchungaji, au aliyepanda juu ya gari la watu bila ruhusa, au anayetembea kinyumenyume kuelekea shimoni huku maharusi wakimfuata kwa tabasamu. Kuanzia Chaka hadi Karatina, na Tetu yote, huko Nyeri, kwa miaka mingi hakuna aliyeoa wala aliyezikwa kwa heshima zake bila Wamae kuwapo na kamera begani. Na miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwona akila chakula cha sherehe akiwa ameketi. Sahani yake ilifunikwa kwa sahani nyingine ikawekwa nyuma ya hema, na alipoifikia, wali ulikuwa umeganda na kuku ameshakwenda zake.

Ndivyo alivyoumbwa. Wamae ni mtu ambaye kiti kinamchoma. Hata kanisani husimama karibu na mlango, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mkewe Murugi, mwalimu wa chekechea mwenye subira ya kuwatosha watu wawili, huwaambia wenzake kwamba yeye hakuolewa na mtu, aliolewa na safari.

Filamu za kazi hiyo zilikuwa zimeijaza nyumba yao ya Chaka. Kanda kubwa za zamani zilikaa chini ya kitanda, zile ndogo kwenye makatoni ya sabuni, na DVD zilikuwa stoo zikilala pamoja na viazi. Diski zilizonunuliwa baadaye zilikuwa kabatini, ndani ya birika la wageni. Sasa, baridi ya Chaka si ya kuchezewa, na unyevu wake hupenya hata mahali palipozibwa. Asubuhi moja Wamae alifungua kanda ya harusi ya jirani akakuta utepe wake umeota kuvu nyeupe. Aliona vicheko vya watu vikioza kama viazi, na aliyekabidhiwa kuvitunza alikuwa yeye.

Ndipo alipoingiwa na wazo la seva. Alikuwa ameona kwenye simu yake mtu akijijengea nyumbani kompyuta isiyo na kazi nyingine ila kutunza filamu: diski zimepangwa ndani yake kama mikate kwenye trei, na mtu wa nyumba hiyo akitaka filamu yoyote anaifungua kwenye televisheni palepale alipo. Tangu siku hiyo Wamae hakutulia. Alichora sanduku lake nyuma ya kadi za harusi zilizobaki. Leo lilikuwa la diski mbili, kesho nne, keshokutwa likawa na betri ya kulilinda stima ikipotea. Alilipangia sebule, akalihamishia stoo, akakumbuka unyevu, akalirudisha sebuleni. Aliinuka mezani na kijiko mkononi kwenda kupima ukuta. Kila mpango ulipokaribia kukamilika aligundua mwingine ulio bora zaidi, na kadi mpya ikageuzwa. Murugi alimkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wamae akamjibu kwamba haraka haraka haina baraka, na hapo alikuwa ameshafika mlangoni.

Aliyemsukuma hatimaye ni binti yao, Nduta.

Nduta ni mtoto wao wa pekee, na anafanya kazi ya maabara huko Nanyuki. Kwa desturi ya kwao binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake, kwa hiyo jina hilo alilichukua kwa mama yake Wamae, Nduta wa Tetu. Tangu azaliwe, Wamae alizungumza naye kwa unyenyekevu fulani, maana kumgombeza ilikuwa ni kama kumgombeza mzazi. Siku aliyokuja na habari kwamba watu wa kijana wake, Mburu, walikuwa tayari kwa ngurario, ile sherehe ya kukata bega la mbuzi ambayo bila hiyo wazee hawakubali kwamba kuna ndoa, Wamae alifurahi mpaka akatoka nje akazunguka nyumba. Aliporudi, Nduta alikuwa na ombi moja tu.

"Baba, siku hiyo nataka Cucu aongee. Vile alisema."

Wote watatu walijua anachosema. Nduta akiwa bado wa chekechea, bibi yake, ambaye wajukuu wote walimwita Cucu, alimwagiza Wamae aende Tetu na kamera yake. Akajiweka kwenye kigoda mbele ya jiko lake, akaikazia macho kamera ile, kisha akaamuru iachwe ikifanya kazi na watu wote waondoke, mwanawe akiwemo, waende wakachote maji. Maneno aliyoyasema yalikuwa ya mjukuu aliyebeba jina lake, kwa ajili ya siku atakayoolewa. Waliporudi alikuwa ameshamaliza, anachambua maharagwe. Akawaambia kwamba siku hiyo ya Nduta ikifika, yeye atakuwa mchangani, basi wamtoe kwenye hilo sanduku lao aongee. Kabla ya hapo mtu asimfungue. Miaka michache baadaye akafa. Hakuna aliyemfungua. Kanda ikakaa chini ya kitanda ikingoja, na katika nyumba ile ilisemwa habari yake kama vile mwenyewe yuko safarini na atarudi.

Basi sasa seva haikuwa mchoro tena. Wamae alikwenda Nyeri mjini, dukani kwa Ronak. Babake Ronak, mzee Govind, ndiye aliyekuwa akimuuzia kanda tupu zamani zile. Siku hizi duka ni la kompyuta, lakini ukarimu wa chai ya maziwa ni uleule. Ronak alimtafutia kasha la kompyuta iliyostaafu ofisini, lenye nafasi na feni nzuri, na diski mbili kubwa. Akazipanga ziigane: kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye nyingine. Wamae alikuwa tayari amekumbatia sanduku lake na mguu mmoja uko nje Ronak alipomshika mkono.

"Mzee Wamae, sikiza kwanza. Hizi ni mapacha. Moja ikikufa, ingine iko. Lakini ukiharibu kitu kwa moja, na ingine inaharibu. Hii itakulinda na diski. Haiwezi kukulinda na wewe mwenyewe. Weka ya tatu kwa nyumba ingine."

Wamae alicheka, akasema ya tatu itakuja. Njiani kurudi Chaka aliichora nyuma ya kadi, akaridhika kama mtu aliyekwisha kuinunua.

Sanduku likawekwa sebuleni, na Murugi, ambaye hawezi kuona kitu uchi nyumbani mwake, akalivisha kitambaa cha kufuma chenye maua. Likapata joto mpaka likazima. Kitambaa kikaondolewa, kikarudi, kikaondolewa tena, mwishowe wakakubaliana kilifunike upande mmoja tu. Kisha kazi ikaanza. Kila kanda ilibidi ichezwe kutoka mwanzo hadi mwisho ndipo iingie. Wamae hakuweza kukaa nayo. Aliiwasha, akaenda kumkagua ng'ombe, akarudi, akatoka. Ilipofika zamu ya kanda ya mama yake alizima sauti na kioo cha televisheni, akakaa uani hadi ikaisha. Amri ya mama ni amri.

Kila filamu aliipa jina la mwenye shughuli, ndiyo desturi ya kazi yake. Na hapo ndipo desturi mbili zilipogongana, maana watu wa huko hawabuni majina, wanayarudisha. Babu ni Ngatia, mjukuu ni Ngatia, na binamu wa mjukuu huyo naye ni Ngatia. Wamae mwenyewe angewatofautisha hata gizani. Sanduku halikujua lolote kuhusu ukoo wa mtu.

Alasiri moja stima ilipotea filamu nyingi za zile diski za kabatini zikiwa katikati ya kuingia kwa mkupuo. Iliporudi, ikabidi azirudie, na kila aliyoirudia sanduku lilimuuliza: filamu yenye jina hili ipo, niiweke hii mahali pake? Alijibu ndiyo, maana alijua ile iliyomo ni nusu iliyokatika. Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku akili yake imeshafika mbali: atavuta waya hadi jikoni, Murugi atazame akipika, atamfungulia Nduta njia ya kuangalia akiwa Nanyuki. Mwisho likampa ruhusa ya kujibu ndiyo kwa zote kwa mpigo. Akajibu, akainuka.

Wiki ile ile alianza kusafisha nyumba kwa ajili ya wageni wa ngurario. Kakake Murugi, Wahome, analima mpunga Mwea, na kwa muda mrefu alikuwa akiomba kanda kuukuu. Utepe wake ukivutwa kati ya miti juu ya shamba, unametameta na kuvuma kwenye upepo, na ndege wanaoumaliza mpunga huogopa kutua. Wamae, aliyekuwa hawezi kutupa hata jalada la kanda, sasa alijaza magunia ya kumpelekea. Murugi aliinua moja iliyoandikwa kwa wino uliopauka.

"Hata hii ya mama yako?"

"Iko ndani. Na iko mara mbili."

Murugi aliishika muda kidogo, kisha akairudisha guniani. Mumewe alionekana mwepesi siku ile, na hakutaka kumpa uzito mwingine.

Baada ya majuma kadhaa, Nduta alikuja Jumamosi moja kabla ya ngurario kupanga habari za mahema. Aliomba waijaribu filamu, si kuisikiliza, waone tu kama inafunguka, isije ikawaaibisha mbele ya wazee. Wamae alisimama nyuma ya kochi akichezesha funguo mfukoni. Nduta akaliona jina lake, ambalo pia ni la bibi yake, akalifungua. Wakatokea watoto wa chekechea kwenye sherehe ya kufunga shule, wakiimba bila mpangilio, na katikati yao Nduta mdogo mwenye taji la karatasi lililomshukia machoni.

Wamae alisema si hiyo, iko nyingine. Wakaitafuta. Hapakuwa na nyingine. Aliitazama diski ya pili, na pacha yule alikuwa mwaminifu kupita kiasi: alikuwa ameiga kila kitu. Ndipo Wamae alipokumbuka alasiri ile ya stima, na ndiyo zake zote. Akina Nduta walikuwa wawili, na yeye alikuwa amempa mmoja nafasi ya mwenzake. Alisema hivyo kwa sauti, polepole.

Nduta akamgeukia.

"Baba, hiyo siku ulikuwa unakimbilia wapi?"

Katika maisha yake yote Wamae hakuwa amewahi kujiuliza swali hilo. Nduta akachukua mkoba wake akarudi Nanyuki, na habari za mahema zikaishia hapo.

Kulipokucha, Wamae alikuwa dukani kwa Ronak kabla halijafunguliwa. Ronak alichimba ndani ya diski zile kwa kila njia aliyoijua, lakini filamu nyingine zilikuwa zimeshaandikwa juu ya ile iliyopotea. Hakumkumbusha alichomwambia. Alimmiminia chai tu, na huruma hiyo ilimuuma Wamae kuliko lawama. Akaiacha chai, akashika njia ya Mwea.

Shamba la Wahome lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya dhahabu. Juu yake, kutoka mti hadi mti, tepe zilikuwa zimevutwa, nyeusi, zikimetameta juani na kutoa mvumo mmoja mrefu ambao haukukatika. Wamae alitembea juu ya matuta ya maji na viatu vyake vya mjini, akishika utepe huu na ule, akiinua kwenye mwanga kana kwamba angeona uso. Aliuliza yako wapi majalada yenye maandishi. Wahome, aliyekuwa amevaa gambuti, viatu vyake vya mpira, na hajui linaloendelea, alisema ameyachoma zamani.

"Hii dawa yako ni kali," Wahome akamsifu. "Ndege hawatui kabisa. Sijui ni nini iko ndani."

"Ni watu," Wamae akasema.

Kisha akageuka upande mwingine, akalia. Alilia waziwazi, mtu mzima, katikati ya mpunga wa shemeji yake, na mama yake akivuma mahali fulani juu ya kichwa chake bila yeye kujua ni utepe upi. Wahome aliposimuliwa, alitaka kuzishusha zote siku ileile. Wamae akamkataza. Jua na mvua vilikuwa vimeshafanya kazi yao, na maji yakimwagika hayazoleki. Angalau mpunga ungepona.

Aliporudi nyumbani hakuwa na pa kwenda. Kadi zake zenye michoro zilikuwa mezani na hakuweza kuzitazama. Basi, kwa kuwa hakuna lingine, aliketi mbele ya televisheni akafungua filamu moja, akaiacha iende. Ilikuwa harusi ya Naro Moru. Alikuwa ameipiga yeye mwenyewe, lakini hakuwa amewahi kuiona akiwa ametulia. Na pale nyuma ya maharusi, kati ya wanawake wanaomenya viazi, alimwona mama yake. Hakuwa amemlenga. Alikuwa tu amepita katika picha, akimgombeza mtu kuhusu kuni.

Akafungua nyingine. Yumo, anapiga vigelegele, wa kwanza kuanza na wa mwisho kunyamaza. Nyingine, mazishi ya Tetu: yumo, amemshika mjane kwapani. Murugi alimkuta hapo, akamletea uji, akaketi pembeni. Mama alikuwa kila mahali, maana shughuli za watu hao zilikuwa zake pia, na mwanawe alikuwa amemzunguka miaka yote kwa kamera bila kumtazama.

Kwenye harusi ya mtoto wa mzee mmoja wa kanisa, Hezekiah, mama yake Wamae alitokea pembeni akaja moja kwa moja kuelekea kamera. Mkononi ana sahani inayofuka moshi. Akakaribia mpaka uso wake ukajaa kioo chote, akasema kwa Kikuyu chake cha Tetu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema neno hilo mara nyingi:

"Wamae, zima hiyo kitu ukuje ukule. Hawa watu hawaendi mahali."

Ikasikika sauti ya kijana nyuma ya kamera: "Nakuja, Mama." Na picha ikamwacha, ikakimbilia keki.

Murugi aliweka kikombe chini. Wamae alirudisha nyuma, akatazama tena, akarudisha tena. Aliikumbuka siku ile. Hakuwa amekwenda.

Alimpigia Nduta simu, akamwambia alichokipata, na kwamba si baraka, ni mama akimwita kwenye chakula tu. Nduta akasema atakuja. Alipofika aliketi kati ya wazazi wake akaitazama, na mara ya pili akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Wamae alimwomba msamaha, bila kuzunguka. Nduta akamwambia kwamba bado inamuuma, na itamuuma siku yenyewe ikifika, asidanganyike. Lakini akasema hiyo ndiyo watakayoweka.

"Watu watashangaa," Wamae akasema. "Hajataja hata jina lako."

"Si nilisema nataka Cucu aongee. Sasa huyo anaongea."

Siku ya ngurario uwanja wa Wamae ulijaa. Murugi alikuwa amemsihi aajiri mtu mwingine wa kamera, kwa kuwa yeye ni baba wa bibi harusi na mahali pake ni kwenye kiti. Alikataa katakata. Alikuwa kila mahali: kwenye lango Mburu na watu wake walipoimba kuomba kuingia, chini ya meza wakati bega la mbuzi linakatwa, nyuma ya mabibi waliobishana kuhusu nani alikate sikio la mbuzi. Suti yake mpya ilikuwa imeshika matope hadi magotini.

Kisha Nduta akasimama, akaeleza kwa maneno machache kwamba bibi yake aliahidi kuongea leo, kwamba maneno yake ya leo yalipotea, na kwamba wamemletea aliyoyasema siku nyingine. Televisheni ikawashwa mbele ya hema. Wamae aliilenga kamera yake kwenye kioo, naye mama yake akamjia na sahani.

Aliposema lile neno, uwanja mzima ulicheka, kisha vikongwe wakapiga vigelegele wakamjibu kwa jina lake, Nduta, Nduta, na Nduta mwenyewe akaitika kwa niaba yake. Halafu, mmoja baada ya mwingine, watu wakageuka kumtazama Wamae. Kando ya Murugi palikuwa na kiti kitupu, na juu ya meza sahani ya mukimo wa viazi ambayo haikufunikwa.

Ukiifungua leo filamu ya ngurario ya Nduta katika sanduku lile, utaona inakatika hapo. Inaonyesha kioo, uso mkubwa wa mama yake, mkono wa mtu ukija mbele, halafu giza. Yaliyofuata hakuna aliyeyapiga. Wamae aliketi, akavuta sahani. Mukimo ulikuwa bado moto.